Wati 500 za karatasini

Kazi yangu ni video za harusi, upande wa wanawake. Kwa asiyejua mila zetu Unguja, ukumbi wa wanawake haingii mwanamume, na mkishakuwa humo mabuibui yanavuliwa: nywele nje, biharusi kapambwa, mama na mashangazi wanacheza bila ya kumwonea mtu haya. Anayepiga video humo ni mwanamke, anayehariri ni mwanamke, na diski zenye picha zile hazitoki chumbani kwangu. Ndiyo maana nikajifunza kuifungua kompyuta kwa mikono yangu. Ikiharibika siwezi kumpelekea fundi Darajani nikamwachia siku tatu. Kwanza natoa diski, nazifungia kabatini, ndipo kasha tupu linapanda daladala.

Kompyuta yenyewe ni Dell OptiPlex 7010, ile ya kusimama, mtumba wa ofisi, prosesa yake i5 ya mwaka 2012. Kwa kuandika barua haina neno. Kwa video za kamera za siku hizi ilinitesa. Harusi ya saa mbili, kazi imeshakwisha, kilichobaki ni kuitoa tu iwe faili moja la kumpa mwenyewe: nalala, naamka, naswali, nakaanga maandazi, narudi kutazama, asilimia 60.

Mwaka 2021 mtoto wa ami yangu akarudi kutoka Dubai na kadi ya grafiki, GTX 1660 Super, imetumika lakini safi. Akanambia, "Dada, hii ukiichomeka tu umepumzika." Mie nikaamini.

Kadi ina tundu la pini nane ubavuni, na ndani ya kompyuta yangu hapakuwa na waya wa kuingia humo. Hesabu yake niliijua baadaye. Ile nafasi ya kwenye mazabodi, ubao mkuu wa kompyuta, inayochomekwa kadi hutoa wati 75 basi. Kadi yangu hula hadi 125, kwa hivyo zilizobaki lazima zije kwa waya wake mwenyewe kutoka kwenye pawasaplai, kile kisanduku cha ndani kinachogawa umeme, na pawasaplai iliyokuja na mashine, ya wati 275, haikutengenezwa kwa kulisha kadi kubwa. Fundi mmoja kijana akanicheka kidogo. "Dada, hilo dogo." Akafungua droo akatoa waya wa kuungia: upande mmoja plagi bapa ya SATA, zile zinazolisha diski, upande wa pili pini nane. Elfu tano.

Nilifurahi siku mbili. Faili lililokuwa likila usiku kucha likatoka kwa muda wa kupika wali na kuepua. Siku ya tatu nikasikia harufu. Si harufu ya moto, ni ile ya mfuko wa plastiki uliosogea karibu na jiko la mkaa. Nikachomoa kila kitu ukutani, nikafungua ubavu wa kasha. Plagi bapa ilikuwa imelainika kama halua ya moto, pini moja imezama ndani ya plastiki yake, na waya wa njano kwa urefu wa kidole ulikuwa umegeuka kahawia. Nilipouvuta ulikuja na utelezi.

Plagi ya SATA kwenye upande wa volti 12 imepimwa kwa ampea nne na nusu, yaani wati 54. Ni ya kulisha diski. Tundu la pini nane lina ruhusa ya kuvuta hadi wati 150. Kadi haijui kwamba mwenye kuilisha ni mtoto mdogo, inavuta tu. Nyaya hizo bado zinauzwa, na mpaka leo nikiuona mmoja dukani nafsi yangu haitulii.

Basi nikaenda kununua pawasaplai mpya. Na hapa ndipo nilipokosea kosa la watu wote: niliuliza wati. "Mnayo ya mia tano?" Muuzaji akasema ipo, boksi lina picha ya radi, pembeni imeandikwa 500W kwa herufi za dhahabu. Elfu 45. Ina feni inayowaka taa ya buluu, na ina waya wa pini nane. Niliinyanyua nikaiona nyepesi, nikasema moyoni, mashallah, teknolojia imekua.

Ilifanya kazi vizuri mwezi mzima wa Rajabu. Shaaban harusi zilipochanganya, kwa sababu watu hukimbilia kabla ya Ramadhani, mashine ikaanza tabia. Natoa video, imefika asilimia 40, kioo kinakuwa cheusi, feni zinanyamaza, kisha inawaka upya yenyewe kama mtu aliyeshtuka usingizini. Mara nyingi baada ya isha.

Nikaulaumu umeme. Sote huku tumezoea kuulaumu umeme, na tuna sababu. Waya wa chini ya bahari ulipokorofika mwaka 2008 tulikaa gizani kiasi cha mwezi mmoja, kisha Disemba 2009 tukaingia tena gizani mpaka Machi 2010. Mie nilikuwa skuli. Nakumbuka majenereta milangoni mwa maduka na mama akihesabu mishumaa. Tangu 2013 upo waya mwingine mkubwa zaidi kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, na hali si ile, lakini akili yetu imebaki pale: chochote chenye plagi kikifa, tunasema ni umeme. Kwa hivyo nikanunua stabilaiza ya kutuliza umeme, kitu kizito cha kukalia. Mshale wake ukasimama kwenye 220, hautikisiki, na mbele ya macho yangu, mshale ukiwa umesimama vilevile, kompyuta ikazima.

Hapo nikajua si umeme, au si umeme peke yake.

Yupo mzee mmoja Mkunazini, fundi wa redio tangu zamani, kibaraza chake kina harufu ya risasi ya kuchomelea. Kadi za grafiki hazijui wala hataki kuzijua. Nilimpelekea kasha bila ya diski.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mwanangu. Imekufa?"

"Haijafa, inazimia."

Akafungua, akaitoa pawasaplai, hakuitazama. Aliipima kwanza kiganjani, juu chini, kama mtu anayenunua pweza Forodhani. Akanyanyua ile ya zamani ya wati 275 kwa mkono wa pili. "Hii iliyoandikwa 275 ina nyama. Hii yako ya 500 ni mfupa." Kisha akavaa miwani akasoma kibandiko cha ubavuni, kile ambacho mie sikuwahi kukitazama. Kuna jedwali dogo: volti 3.3, ampea 20. Volti 5, ampea 20. Volti 12, ampea 16.

"Zidisha," akanambia.

Nikazidisha kwenye simu. Za kwanza wati 66. Za pili 100. Za 12, wati 192. Nikajumlisha zote: 358.

"Mia tano iko wapi?"

Sikuwa na jibu. Akanieleza. Pawasaplai inachukua umeme wa ukutani, volti 230 zinazokwenda na kurudi, inautoa ukiwa wa njia moja katika mafungu matatu. Zamani kompyuta zilikula sana kwenye fungu la 5 na la 3.3. Za sasa, prosesa na kadi zote zinakula kwenye 12, hayo mengine ni ya vitu vidogo vidogo. Kwa hivyo hesabu ya boksi zima haina maana. Tazama mstari wa 12 peke yake. Nilimwelewa kwa lugha ya kazini kwangu. Ni sawa na mpishi wa shughuli anayekwambia, "Bibi, nimeleta sahani mia tano," ukifungua makapu unakuta sahani za pilau mia na tisini, zilizobaki visahani vya vikombe. Na hata ukivihesabu visahani, mia tano hazifiki.

Prosesa yangu ni wati 77. Kadi 125. Mazabodi, diski na feni, tia 40 au 50. Karibu 250, na takriban zote zinatoka kwenye 12, ambako mie nilikuwa na 192. Tena kadi hizi haziendi mwendo mmoja. Kwa kufumba na kufumbua huruka juu ya kiwango chake kisha hurudi. Kilichonishangaza ni kwamba ilidumu mwezi mzima.

"Usiniamini mie," mzee akasema, "nenda kanunue mita, upime mwenyewe." Nikanunua ya elfu 15. Nyumbani nikachomeka ncha nyekundu kwenye waya wa njano wa plagi ya pini nne isiyotumika, ncha nyeusi kwenye waya mweusi, kompyuta ikiwa imetulia. 12.1. Nikaanza kutoa video. 11.8. Feni ya kadi ikapanda sauti: 11.4, halafu 11.2. Ruhusa ni asilimia tano juu au chini, yaani mwisho wa kushuka ni 11.4. Niliitazama ile namba ikicheza kwenye 11.2 kama mtu anayeona homa ya mtoto kwenye kipimajoto, kisha kioo kikawa cheusi.

Sasa ningekuwa na akili ningeacha palepale. Lakini Ramadhani ilikuwa inakwisha, Mfunguo Mosi nilikuwa na harusi nne zimeshalipiwa nusu, na pawasaplai nzuri ilikuwa karibu laki mbili. Nikajiambia nitaivusha msimu huu kwa kutoa vipande vifupi vifupi. Hili silisingizii duka wala fundi. Nilikwishaambiwa, na nilikwishapima.

Ilipasuka Jumatano ya wiki ya pili. Mlio mmoja kama fataki ya sikukuu, moshi mweupe ukatoka kwa nyuma, na nyumba nzima ikazima kwa sababu swichi kuu iliruka. Mazabodi ilipona. Kadi ilipona, sijui kwa dua ya nani. Diski ya kazi haikupona. Ndani yake mlikuwa na singo, shughuli ya kumsinga biharusi, ya harusi ya Jang'ombe: biharusi amekaa mkekani, somo wake anamsinga, bibi yake kipofu anaimba. Kadi za kamera nilikuwa nimeshazifuta kwa ajili ya harusi inayofuata. Nakala ya pili nilikuwa niifanye kesho yake.

Nikaenda kwao jioni.

Mama wa biharusi alinisikiliza mpaka mwisho bila ya kunikatiza. "Kwa hivyo singo haipo?"

"Zipo dakika kumi na moja, mama. Za kamera ya pili."

"Bibi anasikika?"

"Anasikika mwishoni."

Akanyamaza. Kisha: "Na pesa ya singo?"

Nikaitoa mkobani nikaiweka mkekani. Akaihesabu mbele yangu, akaikunja, akaifunga kwenye ncha ya kanga.

Pawasaplai ya tatu niliichagua kwa wiki nzima. Sikuuliza wati, niliomba picha ya kibandiko. Nilimtuma kaka yangu Kariakoo, na kila duka aliloingia alinipigia picha ya ubavu, si ya boksi. Wauzaji wawili walimuona mwehu. Niliyoichukua imeandikwa 550, na mstari wake wa 12 una ampea 45, yaani wati 540. Karibu zote ziko pale zinapohitajika. Hiyo ndiyo alama ya chombo cha kisasa. Watengenezaji wa kadi yangu wanashauri pawasaplai ya 450, kwa hivyo 550 ni pumzi ya kutosha. Duka moja lilitaka kumsukumia ya 850. Ya nini? Hesabu yangu yote ni 250.

Cha pili nilichotazama ni neno moja dogo linalopuuzwa sana huku: umeme wa kuingia. Ile iliyopasuka iliandikwa 200–240. Hii imeandikwa 100–240. Ukutani kwangu mchana napata 226. Baada ya isha, watu wakiwasha viyoyozi na pampu za maji, nimepima 188. Pawasaplai inayotaka kuanzia 200, saa ile iko nje ya ahadi yake tayari. Ya 100 haisikii kitu. Stabilaiza siku hizi inalinda friji.

Hapo hapo niseme habari ya swichi nyekundu. Baadhi ya pawasaplai hazina upana huo. Zina swichi ndogo nyuma, 115 au 230. Jirani yangu aliletewa kompyuta na ndugu yake kutoka Marekani, ambako umeme wa majumbani ni volti 120, swichi iko upande wa 115. Aliichomeka palepale uani, mbele ya watoto. Mlio wake niliusikia nikiwa jikoni.

Wati zinapopotea zinageuka joto. Pawasaplai hupewa alama kwa upotevu huo. Alama ya Bronze maana yake, kwa kadiri, ukiitumia nusu ya uwezo wake, katika kila wati 100 zinazotoka ukutani 85 hivi zinafika ndani. Gold ni kama 90. Kwa chumba changu kisicho na kiyoyozi, hizo tano si haba, lakini bei iliyoongezeka sikuiona halali kwa mtu wa kazi yangu. Nilichukua Bronze, salio nikanunua diski mbili za nakala.

Kuifunga hakukunipa taabu, na hiyo ni bahati ya 7010 ya kusimama: mazabodi yake inatumia plagi ya kawaida ya pini 24. Mdogo wake 9020 ana plagi yake mwenyewe ya pini nane, na kompyuta nyingine nyingi za ofisi zina plagi za peke yao, kwa hivyo fungua utazame kabla ya kutoa pesa. Pima na nafasi: ya kawaida ni upana milimita 150, kimo 86, urefu 140, lakini zipo ndefu zaidi. Na kama nyaya zake ni za kuchomoa, usichanganye na za pawasaplai nyingine hata zikiingia. Upande wa pawasaplai hakuna mpangilio mmoja. Waya wa 12 unaweza kuangukia mahali pa 5, na diski ikaungua siku ya kwanza.

Kimoja sikukitegemea. UPS yangu ya zamani, ile betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika, VA 650, iligombana na mgeni. Umeme ukikatika UPS inalia mara moja na kompyuta inazima papo hapo, kitu ambacho haikufanya na ile mbovu. Mzee wa Mkunazini alinichekea sana. VA 650 si wati 650, ni kiasi cha 360 au 390, na kioo nacho kinakula humo humo. Tena UPS za bei ndogo hutoa umeme wa ngazi ngazi, na pawasaplai nzuri za siku hizi nyingine hazitaki kuula. UPS inayotoa wimbi safi bei yake ilinitoa jasho. Nikafanya mawili: kwa programu nimeifunga kadi isivute zaidi ya asilimia 75 ya ruhusa yake, na hasara ya muda ni ndogo kiasi kwamba siioni, kisha kazi nzito nazitoa baada ya alfajiri. UPS kwa sasa inanivumilia, mara nyingine haivumilii.

Wiki iliyopita mdogo wangu wa Wete alinipigia. Yeye ni wa michezo, kapata RTX 3060.

"Dada, nimeshapata na pawasaplai. Wati 650, elfu 50 tu!"

"Iko wapi?"

"Ninayo mkononi, niko dukani."

"Nzito?"

"Nyepesi, ndiyo uzuri wake."

"Igeuze ubavuni. Pana jedwali. Nisomee mstari wa 12."

Nikamsikia akigeuza, nailoni inachakarika. "Ampea 18."

"Zidisha."

Kimya. "Mia mbili na... kumi na sita."

"Kadi yako peke yake inakula 170. Na prosesa utailisha muhogo? Muuzaji yupo hapo?"

"Yupo, anashusha mlango."

"Mwambie asishushe."